M23: Kundi Lililopewa Jina na Mkataba Uliovunjika

 

Kila Goma inapotajwa kwenye taarifa ya habari, ubishi ni uleule. Mmoja anasema M23 ni Wanyarwanda, basi. Wa pili anasema hapana, ni Wakongomani waliobaguliwa kwao. Wa tatu anasema hayo yote porojo, ni madini tu. Halafu kuna yule wa nne, kawaida yuko kimya pembeni, anauliza: "Lakini si walishasaini amani hawa? Mbona tuliwaona wanapeana mikono?"

Swali la huyo wa nne ndilo bora kuliko yote, na ndilo tutakalolijibu leo. Wamesaini, tena siyo mara moja. Tumeweka majina na tarehe sehemu moja ili mtu akitaka kubisha, abishe akiwa na hoja mkononi. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako za kafe zinakaribia kwisha, ihifadhi kwenye flashi usome baadaye.

KWA NINI SISI WA PWANI TUJALI?

Kwanza, simama Maili Moja au Mlandizi dakika kumi tu uhesabu malori. Mengi yanabeba mizigo ya nchi jirani, na Kongo ni mmoja wa wateja wakubwa wa bandari ya Dar es Salaam. Bandari kavu ya Kwala, hapa hapa Kibaha, ilizinduliwa rasmi Julai 31, 2025, na Kongo ni kati ya nchi zilizotengewa eneo pale. Hesabu mama lishe, mafundi gereji, wauza vipuri na wenye gesti kuanzia Kibaha mpaka Chalinze. Hao wote wanakula kwa sababu barabara ya Morogoro ina mizigo. Ni kweli mzigo mwingi wa Kongo unakwenda Lubumbashi kupitia Tunduma, mbali na vita vya Kivu, ila nchi ni moja na serikali ni moja.

Pili, tuna JKT Ruvu hapa, na wapo vijana wetu, wa Kisarawe wakiwemo, ambao ndoto yao ni kuvaa gwanda. JWTZ limepigana Kongo tangu 2013. Agosti 2013 ofisa wetu mmoja aliuawa karibu na Goma. Desemba 7, 2017, wanajeshi 15 wa Tanzania waliuawa kwenye kambi yao huko Semuliki (wale walikuwa waasi wa ADF, siyo M23, msichanganye). Aprili 2024 wengine 3 waliuawa kwa kombora wakiwa na kikosi cha SADC. Mikataba inavunjikia huko, misiba inafika huku.

Tatu, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imekuwa ikipokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule ni mtu mzima sasa, pengine ana watoto wake.

JINA LIMETOKA WAPI?

M23 maana yake ni "Harakati ya Machi 23". Hiyo siyo siku waliyoingia msituni wala siku ya ushindi wowote. Ni tarehe ya mkataba. Machi 23, 2009, mjini Goma, serikali ya Kongo ilisaini amani na waasi waliokuwa wakiitwa CNDP. Walikubaliana CNDP iwe chama cha siasa, wapiganaji wake waingie jeshi la taifa (FARDC), wafungwa waachiwe, wakimbizi warudi makwao.

Miaka mitatu baadaye, Aprili 2012, askari hao hao waliasi. Mei 2012 wakajipa jina la M23, wakisema serikali haikutimiza ahadi za Machi 23. Yaani waligeuza mkataba wa amani kuwa jina la vita! Ukikumbuka hilo tu, umeshaelewa nusu ya habari.

MZIZI: NANI MWENYEJI, NANI MGENI?

Wabelgiji walitawala Kongo, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakazipata Rwanda na Burundi pia. Huko Rutshuru, Kivu Kaskazini, walikuwapo watu wanaosema Kinyarwanda hata kabla ya mkoloni kuchora mipaka. Kuanzia 1937 mpaka miaka ya 1950 Wabelgiji wakahamisha maelfu ya Wanyarwanda, Wahutu na Watutsi, kwenda kufanya kazi Masisi kwenye mashamba yao. Kuanzia 1959 wakaongezeka wakimbizi wa Kitutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda.

Uhuru ulipokuja likazuka swali: hawa ni raia au siyo? Sheria ya 1972 ikasema aliyetoka Rwanda au Burundi na kuwapo nchini kabla ya 1950 ni raia. Sheria ya 1981 ikafuta. Sheria ya 2004 ikarudisha kwa makabila yaliyokuwapo nchini wakati wa uhuru, 1960. Fikiria una shamba la babu yako, halafu kila serikali ikibadilika unaambiwa leo wa hapa, kesho siyo wa hapa. Na jirani yako naye, ambaye mababu zake walikuwa pale kabla Mbelgiji hajaleta watu, anaona ardhi yake iligawiwa na mkoloni bila yeye kuulizwa. Wote wawili wana uchungu wao. Mwaka 1993 Masisi tayari walikuwa wanauana.

Mwaka 1994 yakatokea mauaji ya kimbari Rwanda. Zaidi ya Wahutu milioni moja wakakimbilia Kongo (wakati huo Zaire), na ndani yao wakiwemo askari na Interahamwe waliofanya mauaji. Masalia yao ndiyo chimbuko la FDLR. Mwaka 1996 Rwanda ikavuka mpaka kuwafuata, ikamuunga mkono Laurent Kabila, mzee aliyekuwa ameishi kwetu miaka mingi, akamwangusha Mobutu Mei 1997. Mwaka uliofuata Kabila akagombana na Kigali, na vita vya pili vikaanza.

Kuanzia hapo mikataba haikukoma.

ORODHA YA MIKATABA

Julai 1999, Lusaka. Nchi zilizokuwa vitani zilikubaliana kusitisha mapigano. Mapigano yakaendelea.

Desemba 2002, Pretoria, na Aprili 2003, Sun City. Serikali na waasi wakagawana madaraka: rais mmoja, makamu wanne. Waasi wa RCD-Goma walipata umakamu wa rais, ila baadhi ya maofisa wao walikataa kwenda Kinshasa. Mmoja wao ni Laurent Nkunda. Mwaka 2004 akauteka mji wa Bukavu kwa siku kadhaa, na 2006 akaunda CNDP.

Januari 2007. Askari wa Nkunda wakachanganywa na wa serikali, ila wakabaki Kivu. Kabla ya mwaka kwisha mpango ukafa.

Januari 23, 2008, Goma. Makundi yenye silaha zaidi ya 20 yakatia saini kwa siku moja. Agosti vita vikarudi, na Oktoba Nkunda alikuwa mlangoni mwa Goma.

Machi 23, 2009, Goma. Huu ndio wenye jina. Nkunda alikuwa ameshakamatwa Rwanda Januari, na nafasi yake ikachukuliwa na Bosco Ntaganda, ambaye tayari alikuwa anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Akapewa ujenerali na jeshi la taifa! Askari wake wakavaa sare za serikali, lakini wakabaki Kivu wakipokea amri za makamanda wao wa zamani. Serikali ilipotaka kuwahamisha, wakaasi chini ya Sultani Makenga. Novemba 20, 2012, wakaichukua Goma na kukaa siku kama kumi.

Februari 24, 2013, Addis Ababa. Nchi 11 zikaahidi kutosaidia waasi wa mwenzao. Machi Umoja wa Mataifa ukaunda kikosi chenye ruhusa ya kushambulia, siyo kulinda tu: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, askari kama 3,000, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Ntaganda alijisalimisha mwenyewe ubalozi wa Marekani, Kigali, na baadaye akahukumiwa miaka 30. Novemba 2013 M23 wakashindwa. Wengi wetu tulishangilia tukidhani imekwisha.

Desemba 12, 2013, Nairobi. M23 wakatangaza kuacha vita, serikali ikaahidi msamaha na kuwarudisha nyumbani. Sheria ya msamaha ikapita 2014, ila wapiganaji wakabaki kambini Uganda na Rwanda miaka nenda rudi. Kufikia mapema 2017 Makenga alikuwa ameshatoroka Uganda na kurudi milimani.

Novemba 2021 M23 wakaibuka tena. Juni 13, 2022, wakachukua Bunagana, mpakani na Uganda. Hapo zikafuata "njia" mbili, ya Nairobi na ya Luanda. Jeshi la Afrika Mashariki likaingia Novemba 2022 na kutolewa Desemba 2023, kwa sababu Kinshasa ililitaka lipigane nalo likawa linasimama katikati tu. Likaja la SADC. Usitishaji vita ulitangazwa Novemba 2022, ukatangazwa tena Agosti 2024. Kati ya hapo, Desemba 2023, M23 wakaungana na muungano wa kisiasa wa AFC wa Corneille Nangaa, aliyewahi kuwa mkuu wa tume ya uchaguzi ya Kongo.

Januari 27, 2025, wakaingia Goma. Katikati ya Februari, Bukavu. Februari 8 marais wa EAC na SADC walikutana hapa Dar es Salaam kutaka vita visitishwe mara moja, na wiki moja baadaye Bukavu ikaanguka.

HIVI TATIZO NI NINI HASA?

Ukiisoma hiyo orodha taratibu, mambo manne yanajirudia.

La kwanza, bunduki inalipwa cheo. Mwenye askari wengi anapewa nyota nyingi. Kijana wa Masisi anayetazama anajifunza nini? Kwamba mwalimu wa shule anakaa miezi bila mshahara, ila aliyeteka kijiji anaitwa hotelini kujadiliana. Na akiingizwa jeshini pamoja na kikosi chake kizima, eneo lake lilelile, bosi wake yuleyule, hapo hujavunja uasi. Umeupa sare na risasi za serikali.

La pili, mambo ya mwananchi yanawekwa ukurasa wa mwisho. Shamba la nani, nani raia, mkimbizi arudi lini na akute nani kwenye nyumba yake: hayo yanaandikwa kila mara na kuundiwa kamati, halafu kamati haikai. Vyeo vinagawiwa wiki ya kwanza, mashamba hayagawiwi kabisa.

La tatu, wanaosaini siyo wote wanaopigana. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba kulikuwa na askari wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 ndani ya Kongo pamoja na M23. Februari 2025 Baraza la Usalama likaitaka Rwanda iondoe majeshi yake. Kigali ilikanusha kuwasaidia M23, ikasema inachukua hatua za kujilinda dhidi ya FDLR. Upande wa pili, ripoti hizo hizo zinasema jeshi la Kongo limeshirikiana na FDLR na wanamgambo wanaoitwa Wazalendo. Kila anayetaka kisingizio anacho.

La nne, ndiyo, madini. Rubaya, penye koltani nyingi, ilichukuliwa na M23 mwaka 2024, na wataalamu hao walikadiria kundi linakusanya kama dola 800,000 kwa mwezi pale. Kwa hiyo jamaa wa "ni madini tu" ana haki, ila siyo yote. Mwaka 1937 hakuna aliyekuwa anahamishwa Masisi kwa ajili ya koltani ya simu. Madini hayakuanzisha ugomvi huu. Kazi yake ni kuulipia usiishe.

Na anayelipa deni la hayo yote hayumo kwenye picha za kusaini. Mwaka 2024 waliokimbia makazi yao ndani ya Kongo walizidi milioni 7. Umoja wa Mataifa ulisema M23 waliua raia wasiopungua 131 huko Kishishe na Bambo Novemba 2022, na M23 wakakataa. Wapo watu wa Kivu waliohama mara tano, sita, na kila mara walirudi kwa sababu walisikia redioni kwamba mkataba umesainiwa.

SIYO KONGO PEKE YAKE: WATUAREG WA SAHARA

Msidhani huu ni ugonjwa wa Maziwa Makuu tu. Nenda kaskazini mwa Mali, jangwani, kwa Watuareg. Wakoloni wa Kifaransa waliondoka, Watuareg wakajikuta wamegawanyika kwenye nchi kadhaa, na huko Mali wakitawaliwa kutoka Bamako, mbali sana na kwao. Waliasi 1963 wakasagwa. Wakaasi tena 1990.

Halafu orodha yao, angalia inavyofanana na yetu: Tamanrasset, Januari 1991. Mkataba wa Kitaifa, Aprili 1992. Machi 1996 huko Timbuktu wakachoma hadharani bunduki kama 3,000, moto ukaitwa Mwali wa Amani, na wapiganaji wakaingizwa jeshini. Mei 2006 wakaasi tena, wakasaini Algiers Julai mwaka huohuo. Mwaka 2011 Gaddafi akaanguka, wapiganaji wa Kituareg wakarudi kutoka Libya na silaha zao, na Aprili 6, 2012, wakatangaza nchi yao ya Azawad. Askari wengi wa Kituareg walioingizwa jeshi la Mali kwa mikataba ya nyuma wakaliacha na kujiunga nao. Azawad haikudumu, makundi ya kijihadi yakawapora ushindi, Ufaransa ikaingia 2013. Mkataba mwingine ukasainiwa 2015. Novemba 2023 jeshi la Mali likaichukua Kidal, na Januari 2024 watawala wa kijeshi wakautangaza mkataba ule kuwa umekufa. Mwisho wa mwaka huo waasi wakaunda kundi jipya, na mapigano yanaendelea.

Jangwa na msitu, ngamia na ndizi, watu wasiofahamiana kabisa. Na bado ni kosa lilelile: mpiganaji kapewa sare, mchungaji hakupewa kisima.

KUNA ULIODUMU?

Upo, na ulisainiwa nyumbani kwetu. Agosti 28, 2000, Arusha, mkataba wa Burundi. Mwalimu Nyerere aliusimamia mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaupokea. Haukumaliza vita siku hiyo. CNDD-FDD waliingia Novemba 2003, FNL wakasaini Dar es Salaam Septemba 2006. Lakini ule mkataba uligusa donda lenyewe: serikalini Wahutu na Watutsi wagawane nafasi, na jeshini kabila lolote lisizidi nusu. Mtutsi aliyeogopa kuuawa akajua ndani ya jeshi kuna wenzake, Mhutu aliyeogopa jeshi akajua na yeye ni mwanajeshi. Ndiyo maana 2015, Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu na nchi ikatikisika, watu walikufa na wengine wakakimbilia Kigoma, ila Burundi haikurudi kwenye vita vya kabila kwa kabila kama vya miaka ya 1990. Siyo pepo, lakini ni tofauti kubwa.

NA HII MIKATABA MIPYA?

Juni 27, 2025, mawaziri wa Kongo na Rwanda walisaini amani Washington, na Desemba 4, 2025, marais Tshisekedi na Kagame wakaithibitisha huko huko. M23 hawakusaini ule. Wao wana wa kwao na Kinshasa, wa Doha, Qatar: tamko la Julai 19, 2025, na mfumo wa Novemba 15, wenye itifaki 8, mbili tu zikiwa zimekamilika siku ile. Siku chache baada ya marais kupeana mikono Washington, M23 waliingia Uvira, mji wa ziwani unaotazamana na Bujumbura. Marekani ikabana, wakatangaza kuondoka. Mwaka 2025 ulipokwisha, Goma na Bukavu zilikuwa bado mikononi mwao.

Kwa hiyo, mdau, siku ukisikia mkataba mwingine umesainiwa, usiangalie kalamu wala mikono. Uliza haya:

1. Waasi wanaingia jeshini mmoja mmoja na kupangiwa mbali, au kikosi kizima kinabaki palepale?
2. Ardhi na uraia vina tarehe ya utekelezaji, au vina kamati?
3. Kila mwenye askari vitani ameweka saini, jirani akiwemo?
4. Nani anahesabu pesa za machimbo?

Ukipata majibu ya maana kwa yote manne, piga vigelegele. Ukipata mawili tu, basi anza kuandaa jina, maana safari hii wanaweza kuasi wakajiita kwa tarehe ya Doha au ya Washington.

Maoni ruksa, matusi marufuku. Na kama unaye ndugu aliyeko Kongo au aliyewahi kutumikia kule, msalimie sana. Tarehe tuliyokosea tusahihishe hapo chini.